Imekauka au Imeganda? Namna ya Kutunza Gundi na Silikoni Baada ya Kuifungua

Nyumba yoyote yenye mtu anayependa kujirekebishia vitu mwenyewe haikosi lile boksi. Ndani yake mna tyubu ya silikoni iliyochomekwa msumari mdomoni, kichupa cha supagluu kilichong'ang'aniana na kifuniko chake, na kopo la gundi ya mbao lililofanya utando juu kama chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani. Zote zilifunguliwa siku moja, zikatumika kidogo, zikafungwa kwa nia njema. Na zote zimekufa.

Mimi mwenyewe nilitupa tyubu nne za silikoni ndani ya mwaka mmoja. Kila mara nilikuwa nimeziba pembeni mwa sinki au mlango wa bafu, nikatumia robo, nikafunga mdomo kwa nailoni na mpira wa pesa, nikaweka juu ya kabati. Baada ya mwezi nikirudi, naikuta ngumu kama soli ya kandambili. Niliuliza kwa fundi alumini wa mtaani kwetu, mtu anayetumia silikoni kila siku ya Mungu. Akaniuliza, "Wewe unaifungaje?" Nikamweleza. Akasema, "Kaka, wewe unaizuia isikauke. Silikoni haikauki."

Jibu hilo lilinikaa kichwani, maana ndipo ulipo mzizi wa jambo zima. Sisi husema "gundi imekauka" kwa kila gundi iliyoharibika, lakini Kiswahili kina maneno mawili hapa na yana kazi tofauti. Nguo ikianikwa hukauka: maji yametoka, nguo imebaki ile ile. Ukiimwagia maji inalowa tena. Yai likichemshwa huganda: hakuna kilichotoka, ila kilichokuwa majimaji kimegeuka kuwa kitu kingine, na hata ulirowanishe wiki nzima halirudi kuwa yai bichi. Gundi nazo ziko hivyo. Kuna zinazoharibika kwa kupotelewa na kitu, na kuna zinazoharibika kwa kuingiliwa na kitu. Ukizitunza zote kwa njia moja, lazima nusu utaziua kwa mkono wako.

Tuanze na silikoni, kwa sababu ndiyo inayopotea kwa wingi na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Silikoni ya tyubu, iwe ya madirisha, ya bafu, au ile nyekundu na nyeusi ya mafundi magari ya kutengenezea gasketi, huganda kwa kunywa unyevu wa hewani. Ndani ya tyubu imechanganywa na kiungo kinachosubiri maji. Mvuke wa maji ukiigusa, minyororo ya silikoni inashikana na kuwa mpira. Ile harufu kali ya siki unayoisikia ukiipaka ni asidi inayotoka wakati kazi hiyo inafanyika. (Zipo zisizotoa harufu ya siki, ambazo mafundi vioo huzipendelea kwa sababu asidi ile huweza kula mgongo wa kioo cha kujitazamia, lakini nazo hunywa unyevu vilevile.) Kwa hiyo ukifungua boksi lako la vifaa ukapokewa na harufu ya siki, jua tyubu imo kazini: kuna mahali inapata maji.

Sasa fikiria hewa ya pwani. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mita moja ya ujazo ya hewa imebeba takribani gramu 24 za maji. Kwenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, kama siku ya baridi kule Arusha au Nairobi, hewa ileile imebeba gramu kama 10 tu. Yaani hewa ya pwani ina chakula cha silikoni zaidi ya mara mbili. Mtu yeyote aliyekulia pwani anakijua kitu hiki bila kufundishwa: wakati wa masika chumvi hulowa yenyewe kwenye kikopo. Kinachoilowesha chumvi ndicho kinachoigandisha silikoni.

Hapo ndipo unaona kwa nini kile kitambaa kibichi ambacho wengine hukizungushia mdomo wa tyubu "isikauke" ni sumu. Nimeona hata fundi mzoefu akifanya hivyo. Ni sawa na kumwekea mwizi ngazi.

Lakini tabia hiyohiyo ya silikoni ndiyo inayotupa dawa. Unyevu huingia kutokea nje kwenda ndani, na kila tabaka linaloganda linakuwa ukoko unaouchelewesha unyevu usifike nyuma yake. Siku ya kwanza huganda kama milimita 2 au 3 kwenda ndani, halafu kasi inapungua kadiri ukoko unavyonenepa. Ndiyo maana mstari mwembamba pembeni ya sinki hukomaa kwa siku moja, na bonge nene huchukua wiki. Basi tumia ukoko huo kama kizibo. Ukimaliza kazi, bonyeza kidogo bunduki ya kusukumia silikoni uache mkia wa silikoni wa sentimita 2 hivi ukining'inia nje ya mdomo, usiufute. Utaganda, na kilicho ndani ya mdomo mrefu kitaganda kidogo kidogo nyuma yake, lakini silikoni iliyomo kwenye tyubu yenyewe itabaki laini. Siku ukirudi, shika ule mkia kwa koleo na uvute polepole. Mara nyingi kizibo chote hutoka kama mnyoo. Ukikatika, zungusha skrubu nene ndani yake na uivute itoke nayo.

Hii pia ndiyo sababu ya kutokata mdomo karibu na shina. Mafundi wenye haraka hukata nusu nzima ya mdomo ili silikoni itoke kwa wingi. Wanapata tundu pana, na wanapoteza ule urefu ambao ungekuwa kizibo. Kata ncha kabisa, kwa mshazari, tundu dogo kadiri kazi inavyoruhusu.

Na msumari? Msumari ni laini na umenyooka, wakati mdomo wa tyubu ni kama faneli iliyogeuzwa. Hauzibi, unaning'inia tu, hewa inapita pembeni. Tena ile asidi ya siki huufanya ushike kutu ndani humo humo. Kama huna njia nyingine, tumia skrubu nene yenye meno yanayojikata kwenye plastiki.

Kwa tyubu unayotaka ikae zaidi ya wiki mbili tatu, mkia peke yake hautoshi. Fungua mdomo wote kwa kuuzungusha utoke kwenye tyubu. Chukua kipande cha karatasi ya fedha ya kufungia chakula, kikunje mara mbili, kiweke juu ya tundu la tyubu, kisha urudishe mdomo na kuukaza juu yake. Ile karatasi inabanwa kati ya nyuzi za mdomo na tyubu na kuziba kabisa. Nailoni ya mfuko wa mkate inafaa pia, nayo ndiyo nailoni iliyobaki majumbani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini kama una karatasi ya fedha, chagua hiyo. Plastiki nyembamba huruhusu mvuke wa maji kupenya taratibu. Karatasi ya fedha haipitishi.

Kuna kosa moja dogo ambalo huharibu kazi yote hiyo: kuiacha tyubu ndani ya bunduki ikiwa bado imesukumwa. Bonyeza kile kibati cha nyuma ya bunduki, uvute fimbo nyuma, uitoe tyubu. Ikibaki na msukumo, silikoni inaendelea kujisogeza mbele na kufungua njia uliyoiziba. Kisha isimamishe wima mahali pa baridi. Hata hivyo usitegemee miujiza. Plastiki ya tyubu yenyewe hupitisha unyevu kidogo kidogo hata kabla hujaifungua, na ndiyo maana viwanda vingi huandika muda wa mwaka mmoja hivi. Kwa maoni yangu, tyubu iliyofunguliwa pwani ikikaa miezi mitatu ikiwa nzima, imekutendea haki.

Gundi na povu za polyurithani, lile povu la kopo la kujazia mapengo, nazo hunywa unyevu, tena kwa pupa zaidi, na hutoa hewa ya kaboni zinapoganda, ndiyo maana huvimba. Kopo la povu lisimamishwe wima daima ili povu lisigande kwenye valvu. Kama unalitumia kwa bunduki yake maalumu, liache limefungwa kwenye bunduki na skrubu ya nyuma ikiwa imekazwa, na ncha ifutwe kwa asetoni. Ukiling'oa bila kuisafisha bunduki, umepoteza vyote viwili.

Sasa supagluu, ambayo ina hadithi yake. Mwaka 1942, wakati wa vita, mkemia wa Marekani Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Kitu alichokipata kilimkera: kiling'ang'ania kila kilichokigusa. Akakiacha. Mwaka 1951 mwenzake, Fred Joyner, alipaka tone lake kati ya vioo viwili vya chombo cha kupimia jinsi mwanga unavyopinda ili akipime, na vioo havikuachana tena. Hapo ndipo walipoelewa wana nini mkononi, na mwaka 1958 gundi hiyo ikaanza kuuzwa.

Kwa nini iling'ang'ania kila kitu? Kwa sababu juu ya kila kitu kuna utando wa maji usioonekana: kwenye kioo, kwenye chuma, kwenye ngozi ya vidole vyako. Supagluu huamshwa na maji hayo, na haihitaji mengi. Ndani ya kichupa kiwanda huweka asidi kidogo sana inayoizuia isiamke. Unyevu ukiingia, asidi ile inashindwa polepole. Gundi huanza kuwa nzito kama asali, halafu siku moja haitoki tena.

Kwa hiyo ukimaliza kuitumia, simamisha kichupa wima, kigonge taratibu mezani ili gundi iliyobaki kwenye ncha irudi chini, bila kukiminya. Ukikiminya kisha ukakiachia, kinavuta ndani hewa mpya yenye unyevu, yaani unakilisha mwenyewe. Futa ncha kwa karatasi ngumu au kipande cha nailoni. Usifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba: supagluu ikikutana na pamba hupandisha joto ghafla, na huweza kuunguza vidole na hata kufuka moshi. Paka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye nyuzi za kifuniko, si kwenye tundu, ili kisigandane na chupa. Kisha weka kichupa ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na mikoba mipya. Watu huvitupa. Vitunze, maana kazi yake pekee ni kunyonya unyevu.

Wengi wameambiwa waweke supagluu kwenye friji. Ushauri huo ni sahihi nusu. Kwa kichupa kisichofunguliwa, baridi huchelewesha kuharibika. Kwa kilichofunguliwa, hatari iko wakati wa kukitoa. Umeona chupa ya soda baridi inavyotoka jasho ikiwekwa mezani? Kichupa cha gundi nacho hutoka jasho, na ukikifungua hapo hapo jasho hilo huingia ndani. Kama ni lazima friji, kiwe ndani ya chupa iliyokazwa, na ukikitoa kiache saa moja au zaidi kipate joto la chumba kabla hujafungua mfuniko wowote.

Na kuna jambo la friji ambalo nalisema kwa msisitizo wote. Kichupa cha supagluu hufanana mno na kichupa cha dawa ya macho. Duniani kote watu wamejitia gundi machoni kwa kuchanganya viwili hivyo, wengi usiku, bila miwani. Kisikae kamwe karibu na dawa, kwenye friji wala kabatini. Ikitokea, jicho lioshwe kwa maji mengi ya uvuguvugu, kope zisivutwe kwa nguvu, na mtu aende hospitali.

Tukiacha hizo zinywazo maji, tunaingia upande wa pili: zile ambazo kweli hukauka.

Gundi nyeupe ya mbao, ile inayotumika kwenye karakana za samani kama za Keko jijini Dar es Salaam, ni matone madogo ya plastiki yanayoelea ndani ya maji. Maji yakiondoka, matone hukaribiana na kuungana. Hali kadhalika ile akriliki nyeupe ya kujazia nyufa kabla ya kupaka rangi. Hizi unyevu ni rafiki yao, na hapa kitambaa kibichi kilichokatazwa kule juu kinageuka kuwa dawa: zungushia mdomo wa tyubu ya akriliki kitambaa chenye unyevu, funika kwa nailoni juu yake, na kesho asubuhi itatoka laini. Kitendo kilekile, kwenye tyubu zinazofanana rangi na umbo, kimoja kinaokoa na kingine kinaua.

Gundi ya mbao iliyoanza kuwa nzito huweza kurudishwa kwa maji kidogo, kijiko kimoja kwa kikombe kizima, ukikoroga taratibu. Ila ule utando uliokwisha kufanyika juu hauyeyuki tena. Matone yameungana, na hapo kukauka kumekuwa kuganda. Uondoe, usiukoroge ndani, la sivyo utakuta vipande vyake katikati ya kiungo cha kiti. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki, si la bati. Gundi hii ina uchachu kidogo, inalifanya bati lishike kutu, na kutu ikikutana na mbao kama za mvule huweza kuacha doa jeusi gumu kutoka. Ukihamishia gundi kwenye kopo dogo linalojaa hadi juu, hewa ya kukaushia inakosa nafasi.

Ukishindwa kujua tyubu yako ni ya upande upi kwa sababu maandishi yamefutika, vaa glavu, chukua kiasi cha punje ya mahindi, kisugue ndani ya maji kwenye kikombe. Maji yakiwa meupe kama ya kuoshea mchele, hiyo hukauka. Kikibaki bonge linaloteleza na maji yakabaki safi, hiyo huganda.

Gundi za viatu, solusheni ya kuzibia pancha na gundi ya mabomba ya plastiki nazo hukauka, lakini kinachotoka ni viyeyusho, si maji. Viyeyusho hivyo huruka haraka kuliko maji, kwa hiyo kila dakika kopo likiwa wazi ni hasara. Mimina kiasi cha kazi ya saa moja kwenye kikopo kidogo na ufunge kile kikubwa. Safisha ukingo kabla ya kufunga, maana gundi ikikaukia pale mfuniko hautakaa sawa tena. Gundi ya mabomba ikishakuwa kama jeli, itupe. Kuiongezea thina kunaifanya itiririke, lakini haishiki, na bomba litaachia siku maji yakija kwa nguvu. Mvuke wa gundi hizi ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili na kurudi na moto. Na zisihamishiwe kwenye chupa za maji ya kunywa. Kwanza mtoto atakunywa. Pili, watoto wa mitaani katika miji yetu wanavuta gundi hii, inawaharibu ubongo, na mara nyingi wanaipata kwenye vichupa hivyohivyo vinavyozagaa. Kopo la bati, mfuniko uliokazwa, ndani ya kabati lenye kufuli.

Gundi ya tyubu mbili (epoksi), ambayo tyubu moja ni gundi na nyingine ni kigumishi chake, ndiyo rahisi kuliko zote. Haikauki na hewa haiigandishi. Kila tyubu inasubiri mwenzake. Adui ni kubadilisha vifuniko. Kifuniko cha tyubu ya kigumishi kikienda kwenye ile nyingine, kinapeleka chembe zinazogandisha mdomo, na ndoa imefungwa. Tia alama ya kalamu kwenye tyubu na kifuniko chake siku ya kwanza. Ikifanya chembechembe kama sukari, iweke kwenye maji ya moto yaliyopoa kidogo, nayo hurudi.

Ipo moja inayopindua kila kitu: ile gundi ya mafundi magari ya kuzuia bolti zisilegee, iliyobuniwa na Vernon Krieble huko Marekani mwaka 1953. Hii hewa ndiyo inayoiweka hai. Ikibanwa kati ya bolti na nati, pasipo na oksijeni, ndipo huganda. Ndiyo sababu unaponunua kichupa kipya unakikuta nusu tupu. Hujapunjwa: ile nafasi ni hewa yake ya kupumulia. Ukiihamishia kwenye kichupa kidogo ukakijaza pomoni, utaiua kwa wema.

Joto, kwa upande wake, huzidhuru zote. Kanuni ya jumla ya wakemia ni kwamba nyuzi 10 zaidi hufanya mabadiliko kama haya yaende kasi mara mbili hivi. Juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari, ni mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba, na sanduku la pikipiki linaloshinda juani linafuata. Chini ya kitanda ni bora.

Tyubu uliyoitunza vizuri ijaribu kabla ya kuiamini. Vuta kizibo, bonyeza mstari wa urefu wa kidole kwenye kipande cha nailoni, kisha uendelee na kusafisha mahali pa kazi. Silikoni nzima itakuwa imefanya ngozi juu ndani ya nusu saa. Ikibaki inanata hadi jioni kama ubani uliotafunwa, hiyo imepitwa na wakati ndani kwa ndani na haitaganda kamwe. Ukiipaka kwenye sinki utashinda kesho ukiikwangua kwa wembe.